Kinga ya Kupe kwa Watoto Kitengela: Shilingi ya Kwanza Iende Wapi?

Mvua za Machi zikishika, ploti tupu za Kitengela hugeuka malisho. Penye vumbi la Februari panaota nyasi za kufika magotini. Ng'ombe na mbuzi hupitishwa katikati ya nyumba, mbwa hulala kivulini pembeni mwa ua wa kayaba, na watoto wakitoka shule hukata njia palepale. Jioni mzazi anamwogesha mtoto, anapapasa kitu kigumu nyuma ya sikio, kumbe ni kupe. Kesho yake anaingia duka la dawa, na mara nyingi anatoka na losheni ya mbu.

Losheni ina kazi yake, lakini kwa familia nyingi za Kitengela, Isinya na Kajiado mjini si mahali pa kuanzia. Mtoto wa huku hahitaji kwenda safari ya mbuga ili aumwe. Kupe anaishi kwa mbwa wa nyumbani, kwenye nyasi za jirani na njiani wanakopita mifugo. Kwa hiyo fedha ifuate kupe aliko, na ngozi ya mtoto iwe ngome ya mwisho. Makala haya yanapima kila njia kwa gharama yake, kwa nguvu yake, na kwa kazi inayomwachia mzazi.

Unamkinga mtoto na nini

Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, haina ua upande wa kusini. Wakati wa mvua, pundamilia, nyumbu na swara huvuka Mto Mbagathi na kusambaa kwenye tambarare za Kitengela, mahali ambapo Wamaasai wamelisha mifugo tangu zamani. Leo mitaa mipya imejengwa juu ya njia hizohizo. Mnyama wa porini, ng'ombe wa mzee na mtoto wa shule wanakanyaga nyasi moja, na kupe hachagui damu.

Wanne wanafaa kujulikana. Wa kwanza ni kupe wa masikio, Rhipicephalus appendiculatus, anayewaambukiza ng'ombe ndigana kali. Ugonjwa huo humaliza mifugo lakini haumpati binadamu, hivyo mzazi asitishike nao. Wa pili ni kupe wa pundamilia, Rhipicephalus pulchellus, mwenye mapambo meupe mgongoni. Huyu humuuma mtu bila kusita, na wachanga wake ni wadogo kama pilipili manga iliyosagwa. Wanaweza kupanda mguu mmoja kwa makumi. Wa tatu ni kupe wa jamii ya Amblyomma, wakubwa na wenye rangi, ambao hawasubiri kwenye jani tu bali hutembea kumfuata anayepita. Wa nne ni kupe wa mbwa, Rhipicephalus sanguineus. Anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya ploti moja: anamnyonya mbwa, anajiangusha, anataga mayai elfu kadhaa kwenye nyufa za ukuta au za kibanda, kisha kizazi kipya kinamrudia mbwa yuleyule.

Ugonjwa wa kuangaliwa kwa watoto ni homa ya kupe, inayoletwa na bakteria kama Rickettsia conorii na Rickettsia africae. Dalili huanza siku kadhaa baada ya kuumwa, mara nyingi kati ya siku ya tano na ya kumi: homa, kichwa kuuma, misuli kuuma, pengine vipele, na mara nyingi kidonda chenye ukoko mweusi mahali kupe aliponasa. Hutibika kwa antibayotiki ikigunduliwa mapema.

Ushauri mwingi unaosambaa mitandaoni unahusu ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe wa jamii ya Ixodes huko Marekani na Ulaya. Mtoto aliyeumwa Kitengela wala hajasafiri nje hana sababu ya kulipiwa kipimo cha Lyme. Fedha hiyo ibaki mfukoni.

Njia ya bure: ukaguzi wa jioni

Hakuna kitu cha kununua kinachoshinda hiki. Kupe akishapanda mwilini hutembea kwanza akitafuta mahali pa kunasa, na vimelea vingi huhitaji muda wa kunyonya kabla ya kumwingia mtu. Ukimtoa mapema, umepunguza hatari kwa kiasi kikubwa.

Mwogeshe mtoto ndani ya saa mbili baada ya kutoka michezoni, kisha pitisha vidole na macho: ndani na nyuma ya masikio, kwapani, kitovuni, mstari wa kiuno penye lastiki ya nguo, kinenani, nyuma ya magoti, katikati ya vidole vya miguu. Mtoto aliyesukwa nywele anahitaji mkono wa taratibu. Pitisha ncha ya kidole kwenye kila mstari wa kichwa kuanzia kwenye paji hadi kisogoni. Kupe utamhisi kama chembe isiyosogea. Usisahau soksi za shule. Wachanga hujibana kwenye mikunjo yake, na ukizitupa sebuleni umewaingiza ndani ya nyumba.

Gharama yake ni muda wa kila siku, na ndiyo maana watu wengi huiacha. Lakini ukiweka akiba ya kitu kimoja tu msimu wa mvua, weka ya muda huu.

Kifaa pekee kinachohitajika ni kibanio chenye ncha nyembamba, kile cha kung'olea nyusi, ambacho ni cha bei nafuu kwenye maduka ya vipodozi. Mshike kupe karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja kwenda juu bila kumzungusha, kisha osha jeraha kwa sabuni na maji au spiriti. Mafuta ya taa, moto wa kiberiti na mafuta ya kujipaka havifai: vinachelewesha kazi na vinaweza kumfanya kupe atapike mate yake ndani ya jeraha. Wala usimpasue kwa kucha. Ugonjwa wa homa ya Crimea na Kongo, ambao mgonjwa wake wa kwanza kuthibitishwa Kenya alipatikana magharibi mwa nchi mwaka 2000, ni wa nadra, ila unaweza kumwingia mtu kwa damu ya kupe aliyepasuliwa. Watoto wanaochunga huzoea kuwapasua kupe walioshiba, wakatazeni kabisa. Kupe afungiwe kwenye selotepu au atumbukizwe kwenye spiriti.

Nguo: gharama ndogo, nguvu ya kadiri

Suruali ndefu nyepesi iliyochomekwa ndani ya soksi humlazimisha kupe kupanda juu ya kitambaa, ambako anaonekana. Rangi ya mwanga humfichua upesi. Suruali za mtumba hutosha, na gambuti za mtoto hufaa kwa anayetembea kwenye nyasi kila asubuhi. Udhaifu wake ni joto la Kitengela: mchana wa jua kali mtoto atavua. Basi nguo hizi ziwe za saa maalumu, yaani kwenda malishoni, kukata njia kwenye ploti yenye nyasi, au matembezi ya milima ya Ngong, wala usitarajie azivae siku nzima.

Zikirudi, zisiunganishwe na nguo nyingine. Maji ya moto kuanzia nyuzi 54 humuua kupe, ilhali maji ya baridi mara nyingi humwacha hai.

Losheni: ifae kwa matembezi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea kwa kutosoma kibandiko. Unachonunua ni kiambato na asilimia yake. Ukubwa wa chupa hauna maana. DEET ya asilimia 10 hulinda kwa muda wa saa mbili hivi, na ya asilimia 30 kwa saa tano hivi. Madaktari wa watoto wa Marekani hawapendekezi zaidi ya asilimia 30 kwa mtoto, wala DEET yoyote kwa mtoto wa chini ya miezi miwili. Ikaridini ya asilimia 20 ni mbadala mzuri, haina harufu kali wala haiharibu plastiki. Mafuta ya mkaratusi-limau yaliyosafishwa kuwa dawa hufanya kazi pia, lakini si kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Losheni zinazojivunia mchaichai au manukato peke yake hulinda kwa muda mfupi sana, hata zikiuzwa ghali.

Sasa piga hesabu. Tuseme una watoto watatu, na kila mmoja hutumia mililita 5 miguuni na mikononi kwa mpako mmoja. Chupa ya mililita 100 ina mipako 20. Kwa watoto watatu inaisha siku ya saba. Kwa mwezi utahitaji chupa zaidi ya nne, na hapo umepaka mara moja tu kwa siku. Zidisha kwa bei uliyoambiwa dukani, uone. Ikitumika kila siku, losheni ndiyo kinga inayomeza fedha kuliko zote, na asubuhi ukisahau, mtoto hana kitu. Ikitumika siku ya matembezi tu, chupa moja inaweza kukaa msimu mzima. Hayo ndiyo matumizi yake.

Mpake mtoto wewe mwenyewe. Usipake viganjani, karibu na macho na mdomo, wala juu ya kidonda. Kama kuna mafuta ya kuzuia jua, yatangulie.

Ipo pia permethrini ya asilimia 0.5, inayopuliziwa kwenye nguo na viatu tu na kuachwa ikauke kabla ya kuvaliwa. Humuua kupe anayeikanyaga na hudumu baada ya kufuliwa mara kadhaa. Kwa familia inayokwenda kambi mara kwa mara inalipa. Kwa matembezi ya mara moja kwa mwaka, haina haja. Iweke mbali na paka, maana ikiwa mbichi ni sumu kali kwao. Na hiyo si ruhusa ya kuloweka nguo za mtoto kwenye dawa ya shambani.

Mbwa: hapa ndipo shilingi inapofanya kazi

Mbwa wa ulinzi yuko karibu kila ploti, na usiku hupita kwenye nyasi zote za mtaa. Asubuhi mtoto anamkumbatia. Ukimkinga mbwa, umeziba njia kuu ya kupe kuingia nyumbani kwako.

Una machaguo manne. Dawa ya kuogesha ndiyo rahisi zaidi kununua, lakini hurudiwa mara nyingi, hudai uangalifu wa kipimo, na mtoto asimguse mbwa hadi akauke. Matone ya mgongoni kwa kawaida ni ya mwezi mmoja. Kola yenye dawa, ikiwa ni ya aina nzuri, hufika miezi 7 hadi 8, ila watoto wadogo wasilale nayo wala kuitia mdomoni. Vidonge vya kutafuna vipo vya mwezi mmoja na vya takribani miezi mitatu. Haviachi chochote kwenye manyoya, hivyo ni salama zaidi kwa nyumba yenye mtoto anayetambaa. Mbwa mwenye historia ya kifafa asipewe vidonge hivyo kabla ya kumwona daktari wa mifugo.

Usilinganishe bei ya sanduku kwa sanduku. Linganisha bei ya mwezi. Tuseme dawa ya kuogesha inakugharimu 300 kwa kila mwogesho na unahitaji minne kwa mwezi: hiyo ni 1,200. Tuseme kidonge cha miezi mitatu ni 3,600: nayo ni 1,200. Tuseme kola ya miezi 8 ni 4,800: hiyo ni 600. Weka bei za agrovet yako mahali pa hizi za mfano, na mara nyingi utaona kilichoonekana ghali mezani ndicho nafuu kufikia mwisho wa mvua. Muuzaji mzuri atakuuliza, "Mama, mbwa ana kilo ngapi, na una paka nyumbani?" Asipouliza, mwambie mwenyewe. Kidonge huuzwa kwa uzito, na dawa ya mbwa yenye permethrini inaweza kumuua paka.

Pamoja na dawa, ziba nyufa za kibanda kwa saruji na ufue matandiko ya mbwa kwa maji ya moto. Bila hivyo unawaua kupe walio kwa mbwa huku mayai yanaanguliwa ukutani.

Uwanja na jirani

Kupe hukauka upesi mahali palipo wazi na penye jua. Nyasi zikikatwa chini ya kifundo cha mguu, umemwondolea kupe ngazi. Kufyeka ploti yako ni gharama ya kibarua wa siku moja, lakini kupe wa ploti tupu ya jirani hawajui mpaka. Changieni. Nyumba sita zikigawana malipo ya kijana mwenye slasha, kila nyumba inalipa sehemu ndogo, na njia ya watoto wote inakuwa safi. Mwenye ploti akiwa mbali, msimamizi wa mtaa ampigie simu aombe ruhusa. Shuleni, suala la nyasi za uwanja liingizwe kwenye mkutano wa wazazi kabla ya mvua, badala ya kungoja hadi zipande.

Kokoto zilizobaki kwenye ujenzi ni mali. Zitandaze upana wa mita moja kati ya ua wa kayaba na mahali pa michezo, na sogeza bembea katikati ya jua.

Kuku wa kienyeji ni msaada wa kweli: utafiti wa wanasayansi wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, uliochapishwa mwaka 1991, ulionyesha kwamba kuku hula kupe wa mifugo kwa wingi. Wafuge kwa ajili ya mayai, na kupe iwe faida ya ziada. Peke yao hawatoshi.

Mwenye boma la mifugo

Zamani serikali iliendesha majosho mengi. Baada ya huduma hizo kulegezwa miaka ya 1990, mengi yalikufa, na mfugaji akabaki na pampu ya mgongoni. Hapa kosa ghali zaidi ni kuzimua dawa kupita kiasi. Kwa amitrazi ya asilimia 12.5, kipimo cha kawaida cha ng'ombe ni mililita 2 kwa lita ya maji. Pampu ya lita 20 hutaka mililita 40, na chupa ya mililita 100 hutoa pampu mbili na nusu tu. Ukitoa pampu tano kwenye chupa hiyo, umenunua kupe sugu. Mnyunyizie mnyama mzima: ndani ya masikio, chini ya mkia, kwapani na kwenye kiwele. Fuata kibandiko kuhusu siku za kusubiri kabla ya kutumia maziwa. Kama josho la jumuiya bado linafanya kazi karibu nawe, linganisha ada yake na dawa pamoja na kibarua chako. Wenye ng'ombe wengi mara nyingi hupata nafuu joshoni.

Kama wewe ni mpangaji na mifugo inayopita si yako, zungumza na mwenyewe kwa heshima. Mwambie, "Mzee, shikamoo. Watoto wetu wanaokota kupe kwenye kijia hiki. Tunaweza kukubaliana mifugo ipite upande ule wa barabara?" Anapata hasara ya kupe kukushinda wewe, na mara nyingi mtaelewana.

Kile kisichofaa kununuliwa kwa bei yoyote

Usimwogeshe mtoto kwa dawa ya ng'ombe au ya mbwa, hata tone moja, hata kupe wawe wengi kiasi gani. Amitrazi humletea mtoto usingizi mzito, mapigo ya moyo kushuka na kupumua kwa shida. Usinunue dawa iliyopimiwa kwenye chupa ya soda. Huijui ni ipi wala nguvu yake, na mtoto mwenye kiu ataiona ni kinywaji. Nunua iliyofungwa, yenye kibandiko na namba ya usajili. Za kupulizia huonyesha usajili wa PCPB, bodi ya serikali inayosajili viuadudu. Iweke juu, kwenye sanduku lenye kufuli.

Bajeti tatu

Mpangaji wa fleti asiye na mbwa: ukaguzi wa jioni, kibanio kimoja, suruali na soksi za kukatia njia, mchango wa kufyeka. Losheni moja kwa siku za matembezi. Basi.

Familia yenye ploti na mbwa: hayo yote, na sehemu kubwa ya fedha iende kwa kola au vidonge vya mbwa kuanzia kabla ya mvua za Machi hadi Mei, na tena kabla ya zile za Oktoba hadi Desemba. Kupe wa mbwa yupo mwaka mzima, kwa hiyo ukiweza usikatize. Saruji ya nyufa ni gharama ya mara moja.

Familia yenye boma: dawa ya mifugo kwa kipimo kamili itangulie, mbwa afuate, na mahali pa kuchezea watoto patengwe mbali na zizi. Watoto wanaochunga wapewe gambuti na DEET, maana wao ndio wenye sababu ya kuitumia mara kwa mara.

Akishaumwa

Andika tarehe na mahali alipoumwa mwilini. Hakuna haja ya dawa kabla ya dalili. Ikija homa ndani ya wiki mbili, au kidonda chenye ukoko mweusi, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na neno la kwanza liwe kwamba aliumwa na kupe. Usipolisema, homa hiyo hufananishwa na malaria au taifodi, na utalipia vipimo na dawa zisizohusika. Daktari akiandika doksisaiklini kwa mtoto mdogo usishtuke: kwa homa ya kupe, matumizi ya siku chache hukubaliwa na wataalamu hata kwa watoto. Tangu Oktoba 2024, huduma za msingi katika vituo vya ngazi ya 2 na 3 vilivyo chini ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, hazilipiwi kwa aliyejisajili; msajili mtoto leo, kabla hajaugua.

Uamuzi basi ni huu: muda wako wa jioni kwanza, mbwa na mifugo pili, nyasi na majirani tatu, losheni mwisho. Mzazi mwenye mia mbili na mwenye elfu kumi wanaanzia mahali pamoja, na yule wa mia mbili akikagua kila jioni anamlinda mwanawe kuliko wa elfu kumi anayepaka losheni na kulala.